Siku Tuliyompelekea Mheshimiwa Njahi

Nitaanza na shukrani, kwa sababu nikianza na hasira sitafika mwisho.

Nawashukuru wanawake wa mgongo wetu. Sisi wa upande wa Mukurweini tunaishi juu ya migongo, vilima vyembamba virefu, mto huku na mto kule, na barabara moja ya udongo mwekundu inapita juu yake kama mshono. Mvua ikinyesha, mshono unafumuka. Pale juu, karibu na kituo cha kukusanyia maziwa, kuna dispensari yenye sista mmoja, na kando ya dispensari kuna wodi ya kujifungulia. Ina mabati ya buluu. Ina ngazi ya simiti na ukutani ina jiwe lenye jina la mheshimiwa wetu. Wodi hiyo ilizinduliwa nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Tuliimba, tukacheza, tukapewa soda, mheshimiwa akakata utepe, kisha mlango ukapigwa kufuli. Mtoto wangu alishaanza nasari na kufuli bado ilikuwa pale.

Na mimi nilikuwa mjamzito tena. Tumbo lilikuwa limefika pale ambapo huoni tena vidole vyako vya miguu. Kila asubuhi niliamka na swali moja tu: huyu nitamzalia wapi?

Wa kwanza nilimzalia kwenye pikapu ya maziwa. Si mzaha. Uchungu ulinishika kabla jua halijatoka, sista bado hajafika kazini, mvua imeharibu barabara hata boda boda wamekataa kushuka. Mama mkwe wangu alisimama katikati ya barabara, mikono ameifungua kama mtu anayezuia ng'ombe, akasimamisha pikapu inayobeba maziwa. Dereva hakuuliza swali. Alishusha mitungi ya maziwa ya watu pale pale kwenye nyasi, akabakisha michache ya kunibana pande mbili ili nisibingirike, akatandika magunia. Tulifika kule chini kwa mto, na mtoto akakataa kungoja. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kati ya mitungi. Yule dereva aliangalia mbele njia nzima, shingo yake haikugeuka, na akaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya juu kabisa ili mimi nipige mayowe bila aibu. Mpaka leo tukikutana hatuzungumzii hiyo siku. Ananiuliza tu, "Kijana hajambo?" Namwambia hajambo. Hiyo ndiyo asante yetu.

Lakini kijana alifika hospitalini akiwa baridi. Baridi, midomo ya buluu. Tulilazwa naye mpaka nikajua zamu za wauguzi wote, na kuna jioni daktari aliniambia kwa upole kwamba nisali. Alipona. Mimi sikupona sana. Tangu siku hiyo nikipita mbele ya ile wodi yenye kufuli huwa natema mate chini, na sijawahi kuomba radhi.

Kwa hivyo mtu akiniambia serikali haina pesa, damu inanipanda. Sikufika chuo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nauza ndizi. Lakini pesa zao zinatoka wapi, hilo naelewa bila profesa. Nikinunua sabuni nimelipa. Nikinunua mafuta ya taa nimelipa. Mume wangu anafanya kazi kwenye shamba la maua huko Timau, na mshahara wake kabla haujamfikia wao wameshaonja, tena wanaonja kwa mwiko mkubwa. Akinitumia kidogo kwa simu, wanakata. Nikipeleka ndizi sokoni, kabla sijauza hata moja, mtu wa kaunti ameshasimama mbele yangu na tiketi.

Huyo wa tiketi tulikosana vizuri siku moja ya soko. Ni mwanaume mpole, koti lake la kaunti limepauka mabegani.

"Mama, tiketi."

"Sijauza."

"Najua hujauza. Tiketi ni ya kukaa."

"Kwani nimekaa? Si unaona nimesimama? Na hii tumbo?"

Wanawake waliokuwa karibu wakaanza kucheka. Akajikuna shingo.

"Mama, usinitafutie maneno. Lipa tu niende."

"Nitalipa. Lakini kwanza uniambie hii pesa inaenda wapi."

"Mimi huipeleka ofisini."

"Na ikitoka ofisini?"

"Huko ndani sasa sijawahi kuingia." Akashusha sauti. "Na usidhani mimi nakula. Mshahara wangu haujafika. Bibi yangu huniuliza vile vile unaniuliza."

"Basi wewe na mimi tunamlisha mtu hatumjui."

"Ati hatumjui?" akasema mama muuza nduma aliyekuwa kando yangu. "Si picha yake iko kwa kila nguzo ya stima, amecheka!"

Nililipa. Na yule mtu wa tiketi, baada ya kuchana karatasi yake, aliinama akaniburutia mikungu yangu mpaka kivulini, kwa sababu aliona jua linanipiga. Namshukuru yeye pia. Hasira yangu haikuwa yake. Hiyo ndiyo shida ya hii serikali yetu, anayekuja mbele yako kila mara ni mtu maskini kama wewe, na yule unayemtaka yuko ndani ya gari lenye vioo vyeusi.

Muda si mrefu baada ya hapo mzee wa kijiji akazunguka nyumba kwa nyumba akitangaza. Mheshimiwa anakuja. Anakuja kuzindua wodi.

"Si aliizindua?" nikamuuliza.

"Hii ni awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni ya kitu gani?"

Akaangalia ng'ombe wetu. "Ya geti."

Nilicheka mpaka mtoto tumboni akanipiga teke. Geti! Wodi haina mgonjwa, haina muuguzi, haina mtu amewahi kuona ndani, na sasa wanaiwekea geti. Mzee wa kijiji akasema akina mama wanaombwa wavae sare na watayarishe wimbo wa kumkaribisha mgeni.

Chama chetu cha akina mama hukutana nyumbani kwa mama mkwe, kwa sababu yeye ndiye mwenyekiti. Alhamisi hiyo tulijaa mpaka wengine wakakaa kwenye magogo nje ya mlango. Nikasimama nikasema yangu. Nilisema hakuna kuimba. Nilisema tuandike mabango, tuzuie gari lake kule kwenye kona ya mto, tumwambie arudi na geti lake. Kichwani nilikuwa nimeshachora bango langu kwa herufi kubwa.

"Na wakirusha vitoa machozi?" mama mkwe akaniuliza. "Utakimbia na hiyo tumbo uende wapi, msichana wangu?"

"Si nitakimbia tu!"

"Utakimbia kama bata."

Wakacheka, na mimi nikanuna. Hapo ndipo shosho mmoja, kikongwe mjane anayenusa tumbako na mwenye mdomo mchafu kuliko wote kijijini, akapiga chafya akasema, "Mimi nauliza tu. Hii wodi imekuwa kwa tumbo ya mheshimiwa tangu lini? Hata ndovu huzaa."

"Labda alishazaa," mwingine akasema. "Labda alizaa na hakutuambia."

"Uuu! Amezaa na hatujaenda kumwona?"

"Tumemkosea mtoto wa watu!"

"Hata uji hatujampelekea!"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko, wanawake wakiegemeana, wengine wakifuta machozi kwa leso. Kisha kicheko kikaisha, na nikaona wanaangaliana. Hakuna aliyesema, "Tufanye hivyo." Mama mkwe aliuliza tu, "Nani ana njahi iliyokauka vizuri?" Na mikono ikainuka.

Labda wewe unayesoma hukulelewa kwetu. Mwanamke akijifungua, wenzake humwendea na itega. Ni zawadi, lakini si zawadi ya dukani. Ni kuni zinazobebwa mgongoni, ni maji, ni uji wa wimbi uliochachuka, ni njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo hurudisha damu ya mzazi. Huendi mikono mitupu. Na huwezi kurudi nyumbani kabla hujaonyeshwa mtoto. Akishapokea uji wako akaunywa, amekubali mbele ya watu kwamba mtoto yupo. Mheshimiwa ni mtoto wa kwetu. Mama yake aliletewa njahi alipomzaa yeye. Hawezi kusema hajui.

Nitasema ukweli, sikuridhika. Nilitaka kumgombeza mtu, si kumpikia. Nilimwambia mama mkwe hivyo tukiwa tunachagua njahi kwenye ungo.

"Mwenye bango hushikwa," akaniambia. "Mwenye sufuria nani atamshika? Aandike nini kwa kituo cha polisi? Ati alikuwa na maharagwe?"

Nikaendelea kuchagua mawe.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Hema la wageni lilikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, nasi tulikuwa na nyasi. Mheshimiwa alichelewa mpaka spika zikarudia nyimbo zile zile mara sijui ngapi. Alipofika alitoka kwenye gari akifuta jasho, amenenepa kuliko picha zake, na kando yake msaidizi wake, mwanaume mwenye suti ya kubana na viatu vya ncha, mwenye simu mbili na macho hana hata moja la kutuangalia.

Mwenye maikrofoni akasema, "Na sasa akina mama watamkaribisha mheshimiwa kwa wimbo!"

Tukatokea nyuma ya kituo cha maziwa. Mbele mama mkwe na kibuyu cha uji. Nyuma yake mimi, tumbo langu na sufuria ya njahi. Nyuma yetu wanawake wote, kuni mgongoni, mkanda umepita kichwani, wameinama vile mtu huinama akitoka msituni. Tuliimba, tena wimbo wa furaha, ule wa kwenda kumwona mtoto. Wazee waliokuwa pembeni walielewa kabla ya wengine wote. Mmoja alivua kofia akafunika uso, mabega yakawa yanatikisika.

Mheshimiwa hakuelewa. Jua lilikuwa limempata. Aliona kibuyu, akasikia harufu ya uji uliochachuka kama wa kwa mama yake, na nafikiri kwa dakika hiyo alikuwa mtoto tu aliyerudi nyumbani akiwa na kiu. "Hii ndiyo hukosa Nairobi!" akasema kwa maikrofoni. Akanywa. Akanywa tena. Akafuta mdomo kwa mkono wa shati.

Ndipo akaona kuni.

Tulikuwa tunazitua mbele ya ngazi ya wodi, mzigo mmoja mmoja, na kila mwanamke akitua alimwambia, "Pole na uchungu, mheshimiwa." Mimi nikaweka njahi kwenye ngazi, nikafunua kifuniko. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu aliye safarini anapokumbuka kwamba ameacha jiko likiwaka.

Mama mkwe akamsogelea. Sauti yake ilikuwa nzuri kabisa, ile ya kuongea na mzazi.

"Mwana wetu, tusamehe. Tulisikia ulizaa zamani na hatukuja. Leo tumekuja. Tuonyeshe mtoto."

Yule shosho wa tumbako akapaza sauti kutoka nyuma, "Na utuambie tupige vigelegele vingapi! Vitano vya mvulana ama vitatu vya msichana?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Hata askari wake mmoja aligeukia upande mwingine. Mheshimiwa akajaribu kucheka nasi.

"Akina mama wa huku mna mchezo! Si mtoto ndiye huyu?" Akaonyesha lile jengo. "Mtoto mkubwa! Ana afya!"

"Ni mzuri," mama mkwe akasema. "Tumemwona mgongo. Mtoto huonyeshwa uso."

"Mama, mlango utafunguliwa mara tu mkandarasi aki..."

"Umeshakunywa uji, mwanangu," akamwambia. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Umeshakunywa."

 Nakwambia nimeona wanasiasa wakijibu maswali ya kila aina, lakini hilo halikuwa swali. Alimgeukia msaidizi, msaidizi akamgeukia chifu, chifu akamgeukia sista wa dispensari, na sista, Mungu ambariki, akasema mbele ya watu wote, "Ufunguo sijawahi kupewa. Mimi huchungulia tu kwa dirisha kama hawa."

"Basi tutakaa," mama mkwe akasema. "Aliyezaa haachwi peke yake."

Tukaketi. Sare zetu zote, nyasini, mbele ya mlango. Tulimpakulia mheshimiwa njahi, akaishika sahani akiwa chini ya hema, na sidhani kama alijua aile ama asiile. Spika zilizimwa. Msaidizi alitembea huku na huku akiongea na simu zote mbili. Sisi tuliongea mambo yetu, bei ya maziwa, nani ameposwa, nani amefukuzwa. Jua lilikuwa limeanza kulegea wakati boda boda ilipofika kutoka mjini na ufunguo wa mkandarasi umefungwa kwa kamba ya kiatu.

Mlango ulilia. Tukaingia.

Sijui nilitegemea nini. Labda nilitegemea kusiwe na kitu, nikasirike kwa raha. Lakini vilikuwepo. Vitanda vilikuwepo, vimepangwa, magodoro yakiwa bado kwenye plastiki yake, vumbi limekaa juu ya plastiki kama unga. Kitanda cha kuzalia kilikuwepo, chuma kinang'aa. Nyigu walikuwa wamejenga kwenye pembe ya dari. Sinki ilikuwepo bila bomba, paipu imetokeza ukutani mdomo wazi.  Mmoja wetu aliwahi kumpoteza mtoto akiwa juu ya boda boda. Alikwenda akaweka kiganja juu ya godoro moja, akaliachia alama ya mkono, akatoka nje.

Mimi ndiye niliyevunja adabu.

"Hiki kitanda ni changu," nilimwambia mheshimiwa. Alikuwa karibu yangu, nikaona jasho kwenye masharubu yake. "Nimeuza ndizi kikanunuliwa. Mume wangu amekatwa mshahara kikanunuliwa. Mtoto wangu amezaliwa kati ya mitungi ya maziwa, na kitanda chake kilikuwa hapa kimefunikwa. Ulikuwa unakiwekea nani? Kama ni wewe ungekuja kuzaa, ungekuja basi! Na geti ni la nini? Unaogopa tutakuibia nyigu?"

Nililia. Sipendi kusema hivyo, lakini nililia, kwa hasira, kamasi na vyote. Yeye aliangalia sakafu akasema, "Mama, umesema ukweli." Na hilo likanichoma zaidi, kwa sababu hawa watu ukweli kwao ni kama uji, wanaumeza tu na kuendelea. Kisha akatoka nje akachukua maikrofoni akaahidi muuguzi, maji na stima. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Sishukuru ahadi.

Ufunguo ulibaki kwa sista. Mama mkwe alihakikisha hilo. Alimwomba mheshimiwa amruhusu auangalie kidogo, akauchukua mkononi mwake, akampa sista, akasema, "Asante sana, tumemwona."

Sasa nieleze kilichofika. Cha kwanza kufika kilikuwa geti. Ni zuri, jekundu. Kisha akaja muuguzi, msichana aliyetolewa Nyeri mjini, aliyemwacha mtoto wake mdogo na mama yake kule Skuta ili aje kuwazalisha watu asiowajua, kwa mshahara ambao pia hufika ukipenda. Huyo namshukuru kila siku. Stima ilifika chumba kimoja. Maji hayakufika. Tuliambiwa maji yako katika awamu ya tatu.

Basi wanawake wakapanga zamu. Kila asubuhi walioshika zamu wanashuka mtoni na mitungi, wanapanda na maji, wanajaza pipa lililo nyuma ya wodi. Ni mwinuko wa kukata pumzi. Fikiria hilo. Tumelipa maji kwenye sabuni, kwenye sukari, kwenye tiketi ya soko, halafu tunayabeba kwa mgongo. Siku nyingine nikifikiria nataka kupiga kitu. Siku nyingine nawaona wakipanda, wanataniana, yule shosho wa tumbako ameshika kijimtungi kidogo akidai ndicho kizito kuliko yote, na hao ndio nawapigia makofi.

Nilijifungua mchana. Nilipanda kwa miguu yangu mwenyewe, nikisimama kila uchungu ulipokuja na kushika ua wa watu, mama mkwe nyuma yangu na kikapu. Muuguzi alikuwa ameshatoa plastiki. Nililala kwenye kile kitanda. Nilisikia nje mtu akimimina maji kwenye pipa, na mwingine akimwambia asimwage, na muuguzi akaniambia, "Sukuma, mama, usiogope, niko hapa." Hakuna aliyehitaji kuimba. Nilipiga mayowe yangu ndani ya kuta nne, nikiwa na mlango unaofungwa. Na walipomweka juu ya kifua changu alikuwa na joto. Joto kabisa, kama mkate. Wakamwosha kwa maji ya moto. Vigelegele vilivyopigwa nje vilikuwa vitatu.

Msaidizi wa mheshimiwa alikuja siku iliyofuata, tukiwa tunajitayarisha kwenda nyumbani. Viatu vile vile vya ncha. Alikuwa na fulana ndogo yenye picha ya mheshimiwa, na heri nyingi mdomoni.

"Hongera, mama! Ndiye mtoto wa kwanza wa mradi. Mheshimiwa amefurahi sana. Tunaomba picha tu, na kama hamjaamua jina, mkewe mheshimiwa ana jina zuri..."

Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, na hilo halina mjadala.

"Huyu ni mimi," akamwambia. "Unataka kunibadilisha jina na huu uzee?"

Msaidizi akacheka kwa aibu. "Basi picha peke yake."

"Picha utapata," nikasema. "Lakini maji yalikwisha jana kwa sababu yangu, na walioshika zamu leo wamepungua, mmoja ana homa. Mtungi ndio huo."

Alifikiri ninatania. Aliangalia mtungi, akaangalia viatu vyake, akamwangalia muuguzi ili amwokoe, na muuguzi akaanza kukunja mashuka. Kisha akavua koti, na sitasahau hilo, akaliweka vizuri kwenye kiti, akachukua mtungi akaufuata mstari wa wanawake. Tulisikia wakimpokea njiani. "Karibu kazini! Simu zako nani atazishika? Toa viatu, hiyo njia si ya ofisi!"

Alirudi akiwa na tope mpaka magotini, shati limemshika mgongoni, mtungi umepungua nusu. Hakulalamika. Nikamwambia asante, na nilimaanisha. Ni mtu wa kwanza kutoka upande ule ambaye nimemwona akinifanyia kazi.

Alikuwa bado anamimina wakati boda boda ilipoingia kwa lile geti jekundu, na mwanamke wa mgongo wa pili ameketi nyuma, ameshika mabega ya dereva, macho ameyafumba. Muuguzi alitoka mbio, akamshika mkono, akageuza kichwa.

"Maji iko?"

"Iko," msaidizi akajibu kabla yetu, akiinua mtungi. "Iko, sista. Naongeza."

Nikamchukua binti yangu nikatoka, kile kitanda kimngoje mwenzangu.